Kilele cha Upande wa Pili

Goti la Gwenda Lathlean lilikuwa na miadi na kisu cha daktari siku ya Alhamisi, na daktari alishasema bila kumung'unya maneno: baada ya hapo kutembea ruksa, milima basi. Kwa hiyo Jumamosi ile, alipokuwa akiukwea Mlima Garrick huku akiuburuta mguu wa kushoto kama mtoto asiyetaka shule, Gwenda hakuwa na Jumamosi nyingine ya akiba.

Garrick ulikuwa mlima wake wa mwisho. Klabu yao ya watembea pori pale Hobart ina orodha ya vilele vikubwa vya Tasmania nzima, na anayevigusa vyote kwa mkono wake huitwa mmalizaji, cheo ambacho wenyewe wanakithamini kuliko cha uwaziri. Gwenda, dereva wa basi mstaafu, alikuwa amevigusa vyote isipokuwa hiki. Kila alipokijia, theluji ilimrudisha.

Mbele alitangulia Merv Stubbings, kiongozi wa safari, mzee mkavu mwenye miguu ya korongo. Merv ndiye mmalizaji wa kwanza wa klabu, na hakuruhusu mtu asahau. Rundo la mawe lililoko kileleni mwa Garrick alilijenga yeye, ujanani, siku ya ukungu mzito, na waliokuja baada yake wote walikuja kuligusa hilo. Safari zake zilikuwa na sheria mbili tu. Saa ya kugeuka ikifika mnageuka, hata kama kilele ni pua na mdomo. Na kundi haligawanyiki, liwalo na liwe. Siku Gwenda alipojiunga na klabu, mwanamke mnene mwenye viatu vya kuazima, Merv alimtazama juu hadi chini akamwambia kuna kundi zuri linalotembea bustanini. Gwenda hakumsamehe, na tangu siku hiyo hakuacha kumfuata milimani. Urafiki wao ulianzia hapo, ukitaka kuuita urafiki.

"Bado uko hai huko nyuma?" Merv aliuliza bila kugeuka.

"Nipo, mzee. Nakusindikiza tu usije ukapotea."

"Msindikizaji gani anapumua kama ng'ombe anayezaa?"

"Wewe tembea. Ukidondoka nitakuruka, wala sitakuuliza hali."

Nyuma yao Ilse Vandenberg, shoga yake Gwenda, alicheka. Ilse alikuwa amebeba keki ya matunda ndani ya sufuria, sufuria ndani ya shanta, na alitembea kwa adabu zote ili isitikisike. Wa mwisho alikuwa Dougal, mwanachama mpya mwenye mapaja ya farasi na mdomo usiojua kusubiri.

Walifika juu ukungu ukiwa umewafunika gubigubi. Rundo la Merv likajitokeza ghafla, limesimama imara, halijatikisika miaka yote hiyo. Gwenda akaliwekea kiganja. Wenzake wakapiga makofi, Merv akavua kofia, Ilse akafungua sufuria, na ndege weusi wa huko, wale wezi wanaojua hata kufungua zipu za mashanta, wakashuka kuja kuangalia. Gwenda alikuwa ameshapokea kipande chake cha keki ukungu ulipoinuka.

Ng'ambo ya bonde dogo, upande wa magharibi, lilisimama jabali. Lilikuwa jeusi, la mraba, peke yake. Kila mmoja aliliona, na kila mmoja akatafuta kitu kingine cha kuangalia.

"Hivi lile pale," Dougal alianza, "mbona kama..."

Ilse akamkanyaga mguu.

"Macho yanadanganya," Merv alisema haraka. "Kitu cha ng'ambo siku zote kinaonekana kirefu. Kuleni keki."

Ramani haikuwa na msaada. Ilionyesha mlima bapa kwa juu, bila kusema jiwe gani limelizidi jingine. Gwenda akaweka keki yake chini. Alitoa chupa yake ya maji, ile ya plastiki isiyo na rangi, akanywa mpaka ikabaki nusu, akailaza juu ya jiwe la mwisho la rundo. Ujanja huo alifundishwa na Merv mwenyewe: maji yakitulia, unainama unatazama kwa usawa wake, na kilicho juu ya maji kiko juu yako. Akasubiri yatulie. Akainama. Usawa wa maji ulilikata lile jabali kifuani, na juu yake kikabaki kipande kizima cha mwamba.

Ndege akachukua ile keki. Hakuna aliyemfukuza.

"Si hapa, Merv," Gwenda alisema.

"Rundo hili nimelijenga kwa mikono yangu."

"Najua. Umelijenga vizuri sana. Umelijenga mahali sipo."

Uso wa Merv ulibadilika rangi. "Bonde lile limejaa skoparia. Unaijua skoparia, kila jani sindano. Na goti lako hilo, saa ya kugeuka itatukuta katikati. Kiongozi ni mimi."

"Kiongozi ni wewe." Gwenda alitaka kumpigia magoti mzee huyu, na alitaka pia kumtupia chupa. Alijua anachomwomba. Kama kilele si hapa, basi Merv hajamaliza, wala hajamaliza yeyote aliyekuja kuligusa rundo lake. "Ukisema turudi nitarudi, na sitanuna. Ila useme tunarudi kwa sababu ya saa. Usiniambie tunarudi kwa sababu hapa ndipo juu."

Upepo ulipita. Ilse alifunika sufuria yake taratibu, kama aliye msibani.

Merv alipiga magoti kwenye rundo, mifupa ikilia, akafumba jicho moja, akatazama kupitia ile chupa. Alitazama kwa muda mrefu kuliko mtu anavyohitaji kutazama. Aliposimama hakumwangalia mtu.

"Nani ana glovu nene?" aliuliza.

Aliingia bondeni wa kwanza, tena kinyumenyume, akivisukuma vichaka kwa shanta lake ili vilale, na Gwenda akapita palipolazwa. Hata hivyo skoparia ni skoparia. Iliwachoma mapaja, iliwachoma mikono, ilimchoma Dougal mahali ambapo hakutaka kupataja. Katikati ya bonde goti la Gwenda likamgoma kabisa, akaanguka ubavu ndani ya kichaka.

"Nikushike?" Ilse aliuliza.

"Usinishike, shoga. Ukinishika nitalia, na muda wa kulia sina."

Akatambaa. Aliyapitia mawe yaliyobaki kwa mikono na goti moja, akihesabia matusi badala ya hatua, na Ilse akimsaidia kwa matusi ya Kiholanzi. Hivyo ndivyo walivyofika chini ya jabali, wametoka damu na wamechafuka, na ndipo walipoona kwamba limewazidi kimo na halina hata pa kutia kidole cha mguu.

Dougal akajiandaa kuliparamia. Ilse akamdaka mkia wa koti. "Wewe tulia hapo. Leo si zamu yako."

Merv akachuchumaa mbele ya mwamba. "Kanyaga."

"Na mgongo wako?"

"Mgongo wangu haujakuomba ushauri. Kanyaga, bibie."

Gwenda akakanyaga bega moja, kisha la pili. Merv akainuka chini yake, taratibu, akiguna, na Ilse akamsukuma makalio bila haya wala samahani. Kidevu kikapita ukingo, kisha tumbo, kisha ule mguu mkaidi. Akawa juu. Hapakuwa na kitu kingine cha kupanda. Aliweka viganja vyote viwili juu ya mwamba baridi na machozi yakamtoka, akayaacha yatoke.

Makofi yalipoisha, Merv aliangalia saa yake. "Muda umefika. Shuka, tunageuka."

"Wewe bado hujapanda."

"Nimesema muda umefika. Sheria ni sheria."

Gwenda alichungulia chini. Aliuona uso wa mzee, na akaelewa kwamba saa haihusiki. Merv alikuwa na aibu. Alikuwa anajiadhibu mbele yao, kimya kimya, kwa kosa la ukungu wa miaka ile, na alikusudia kurudi nyumbani na adhabu yake. Gwenda akakaa kitako, akakunja mikono.

"Sishuki."

"Gwenda."

"Kundi haligawanyiki, si ndivyo? Mimi niko huku, nyie mko huko. Naona mmegawanyika."

Ilse alicheka mpaka akashika ubavu. Merv hakucheka.

"Huu ndio mlima wangu wa mwisho, Merv," Gwenda alisema, polepole sasa. "Baada ya Alhamisi nitakuwa naukumbuka tu. Usinifanye niukumbuke kwa kukuona umesimama chini."

Merv akavua shanta lake, akaliegemeza kwenye mwamba, akamgeukia Dougal bila neno, na Dougal, kwa mara ya kwanza siku ile, naye hakusema neno. Akainama tu. Gwenda akalala kifudifudi, akanyoosha mkono, akaushika mkono wa Merv pale kifundoni na kuvuta kwa nguvu zote alizokuwa nazo. Kofia ya Merv ikadondoka. Kifungo cha shati kikakatika. Mzee akafika juu kwa tumbo, kama samaki aliyetolewa majini, akalala hapo akihema, na kiganja chake kikatafuta mwamba na kutulia.

Gwenda alimwondolea jani la skoparia lililobaki shingoni.

Chini, Dougal alikuwa ameshatoa simu. "Sasa kwenye taarifa ya klabu niandikeje? Mmalizaji wa kwanza nani?"

Merv alikaa, akapangusa pua kwa glovu.

"Andika Gwenda Lathlean," alisema. "Mimi nilikuwa nyuma yake."