Kiganja cha Kagwe

Mstari wa wanawake wa Mugutha ulianza kusogea kabla umande haujakauka. Wakonyo alikuwa katikati, kikapu chake cha kuchumia kahawa kikiwa miguuni. Mwaka ule wa hali ya hatari, hakuna aliyekwenda shambani kwa mzungu bila kupita mbele ya meza ya Erastus Kagwe. Serikali ilikuwa imempa Kagwe bunduki, koti na ukubwa wa homugadi, walinzi wake wa kijiji. Ujuzi wa kuwapima watu alijipa mwenyewe.

Ujuzi wenyewe ulikuwa kiganja. Alikibandika kifuani pa mwanamke, upande wa kushoto, akamuuliza kama amekula kiapo cha watu wa msituni, kisha akafumba macho utadhani anasali. Moyo ukitetemeka, umekula. Ukitulia, unapewa pasi ya siku unakwenda kazini. Wanawake walikichukia kile kiganja kuliko bunduki.

Moyo wa Wakonyo haukuwahi kutulia tangu azaliwe. Ulinguruma kama paka aliyeshiba. Alipokuwa mdogo, mama yake Gathoni aliweka mkono pale akacheka, akasema binti yake amemeza paka. Kicheko kiliisha Wakonyo alipokua, kwa kuwa hakuweza kupanda mlima na mzigo wa kuni bila midomo kumgeuka rangi. Mume aliyemwoa alimrudisha kabla ya mwaka kwisha na kudai mbuzi zake. Gathoni alipofariki, alimwachia shamba dogo kule Gatongora, lenye migomba na viazi, lililopakana na la Kagwe. Wakonyo hakuwa na kitu kingine duniani.

"Leo tena inatetemeka," Kagwe alisema.

"Mzee, hiyo ni kawaida yake. Hata nikilala iko hivyo."

"Mtu msafi hatetemeki akilala. Nani alikulisha kiapo?"

"Hakuna."

"Nimekuvumilia sana wewe. Ukinipa jina, umetubu, nakupa pasi. Usiponipa, lori ya kesho inakupeleka kambini ukavunje mawe."

Nyuma ya Wakonyo alisimama jirani yake Nyawira, mtoto mgongoni, na nyuma ya Nyawira wengine wengi. Jina moja lingetosha, na majina yalikuwa yamejipanga pale pale. Kila mtu alijua aliyetajwa hufanywa nini. Wakonyo aliwaza mawe ya kambini, akajua hatamaliza hata majuma mawili akiwa hai.

"Niruhusu niende kwa daktari Thika," alisema. "Lori ya kahawa inaondoka sasa hivi. Yeye atakwambia ni ugonjwa."

Kagwe alicheka. Alikiamini kiganja chake kuliko daktari yeyote. "Nenda. Kitheka atakulinda. Jioni nataka jina, ama sababu."

Kitheka alikuwa askari kutoka Ukambani, mtu wa maneno machache. Walipanda juu ya magunia, wakafika Thika vumbi likiwa limewajaa hadi kwenye kope.

Daktari alikuwa mzungu mzee. Aliyemtafsiria ni dresa wake, msaidizi wa kufunga vidonda, Dalmas Odhiambo, mtu wa Kisumu. Daktari alisikiliza kifua cha Wakonyo kwa mpira wake wa masikioni, mbele, kando, mgongoni, akarudi mbele. Kisha akauweka mpira kando na kulaza kiganja, pale pale Kagwe alipolaza chake. Wakonyo akakaza meno.

"Anasema kuna tundu ndani ya moyo, mama," Odhiambo alitafsiri. "Moyo iko na ukuta katikati, na yako haikufunga vizuri. Damu inapita hapo kwa nguvu, ndio unasikia inanguruma. Ulizaliwa nayo. Anashangaa vile umefika umri hii."

"Ana hakika? Hajaiona."

Odhiambo aliuliza, akasikiliza jibu refu. "Anasema huko Ulaya watu wameanza kutuma sauti ndani ya kifua, sauti ambayo sikio haisikii. Ikigonga moyo inarudi, na mashine inachora vile moyo inacheza. Siku moja wataona tundu yenyewe bila kupasua mtu. Hapa yeye ako na masikio na mkono tu. Lakini yako imejitangaza. Anauliza nani aliigundua kwanza."

Kitheka alikohoa mlangoni. "Ni mkubwa wetu. Aliguza na mkono."

Daktari aliposikia akatikisa kichwa kwa heshima. "Anasema huyo mkubwa wenu ana mkono mzuri sana," Odhiambo alisema, akaangalia chini.

Dawa haikuwepo. Aliambiwa asibebe mizigo mizito wala asichimbe. Hata hivyo Wakonyo alitoka akiwa na furaha iliyomshangaza mwenyewe. Miaka yote ile alikuwa ameitwa mvivu, kisha mchawi, kisha mla kiapo, na sasa amepata shahidi mwenye miwani na koti jeupe. Njia nzima alirudia kimoyomoyo, nilizaliwa nayo.

Jioni Kagwe alikuwa bado mezani, wanawake wakirudi kutoka kahawani na kujipanga tena mbele yake, Nyawira kati yao. Kitheka alisimama wima na kueleza yote bila kupunguza neno: tundu, ukuta, damu.

"Kwa hivyo daktari pia ameipata," Kagwe alisema.

"Ameipata, afande. Amesema alizaliwa nayo."

"Basi sikukosea. Kitu iko." Alimgeukia Wakonyo. "Nani alikupa?"

Hasira ilimpanda Wakonyo. Alikuwa amekwenda Thika kutafuta ukweli, ameuleta, na ukweli umegeuzwa kamba ya kumfunga. Akaona kuna mtu mmoja tu ambaye Kagwe hawezi kumkamata.

"Maitu," alisema kwa sauti ya kusikika mstari mzima. "Gathoni. Alinilisha nikiwa tumboni mwake. Nendeni Gatongora mkamchimbue."

Alingoja kofi, lakini Kagwe hakukasirika. Alivuta kiti mbele taratibu.

"Gathoni wa ile migomba karibu na yangu?"

Hapo Wakonyo akaelewa alichokifanya. Alidhani wafu hawana cha kunyang'anywa.

"Mzee, nilisema kwa hasira."

"Umesema mbele ya watu. Shamba ya mtu wa kulisha kiapo inachukuliwa, hiyo ni sheria, si mimi. Mtu mwaminifu atapewa ailime." Akachukua pasi na kumkabidhi kwa mkono wake mwenyewe. "Wewe umetubu. Kesho enda kahawa."

Kisha akasimama, akambandika kiganja kifuani mara ya mwisho, akafumba macho. Moyo ulinguruma vile vile ulivyonguruma asubuhi.

"Imetulia," Kagwe alisema, akamwita Nyawira.