Chupa za Kupimia Ziwa

Fundi cherehani alikuwa mtu wa usafi. Hata mkasi aliufuta kabla ya kuurudisha kwenye droo. Kwa hiyo majirani walipoanzisha kikundi cha kujitolea kupima maji ya ziwa, kazi ya kutunza chupa alipewa yeye.

Kila mwezi walichota maji katika ghuba yao, wakatazama magugu yaliyoota chini, kisha chupa zikapelekwa maabara. Majibu yalikuwa mabaya mfululizo. Fosfeti, ile inayonenepesha magugu mpaka yanaziba maji, ilizidi ya ghuba zote zilizopimwa na vikundi vingine. Watu hawakutafuta mbali. Inapatikana kwenye sabuni, na ukingoni palikuwa na jukwaa la saruji alipofulia dobi, mdogo wake fundi. Kikao cha Jumamosi kingeamua kama jukwaa lifungwe.

Fundi alisali kila alfajiri: “Mungu wangu, nionyeshe uchafu unatoka wapi, hata kama ni kwa ndugu yangu.”

Ijumaa jioni dobi aliingia bila hodi, akamkuta dada yake jikoni.

“Dada, kesho utanyoosha mkono nifukuzwe?”

“Nitafuata majibu ya maabara.”

“Maabara hainijui. Wewe unanijua. Maji ya sabuni namwaga kwenye shimo kule nyuma, umeliona.”

“Nimeliona. Lakini fosfeti haidondoki kutoka mbinguni, mdogo wangu.”

“Haya. Wanangu watakula fosfeti.”

Fundi aligeukia sinki, akatumbukiza brashi ndani ya chupa, akasugua kwa nguvu. Dobi alinusa.

“Hiyo si sabuni yangu ya unga?”

“Ndiyo, ile uliyoniletea. Inang’arisha kweli.”

“Na hizo chupa?”

“Za kesho kutwa. Za ziwa.”

Dobi alishika kiuno. “Dada! Unapima sabuni kwa chupa yenye sabuni?”

“Nazisuuza sana!”

“Mimi ndiye dobi hapa. Shati ulilosuuza sana, likinyeshewa mvua, linatoa povu mabegani.”

Brashi ilisimama. Siku ya mafunzo waliambiwa chupa isuuzwe kwa maji ya ziwa peke yake. Fundi alidhani huo ni ushauri wa wanaume wasioosha vyombo nyumbani kwao. Aliketi kwenye kigoda, mikono ikichuruzika. Alikuwa ameomba kuonyeshwa, na sasa hakujua aweke wapi macho.

Dobi alianza kucheka, kisha akamtazama dada yake, akaacha.

“Utawaambia?”

“Kabla sijakaa kwenye kiti.”

Kesho yake kikaoni aliwaambia akiwa amesimama, ile sabuni mkononi. Mmoja aliguna, mwingine akasema undugu ni undugu. Ilikubaliwa maji yapimwe upya kwa chupa mpya, na anayetaka kuhakikisha apande mashua. Dobi ndiye aliyetangulia kupanda.

Majibu mapya yalishuka, yakalingana na ya ghuba jirani. Magugu bado yapo, na chanzo bado wanakitafuta, lakini jukwaa halikufungwa.

Siku hizi dobi huenda nao. Huichovya chupa ziwani, akaitikisa, akamwaga, huku fundi akiikodolea macho kana kwamba ina doa la kutolewa.

“Mikono yako, dada.”

“Nimeikalia,” hujibu fundi. Na kweli, ameikalia.