Bwana Zima na Joto la Bure

Tangu umeme upande bei, na gesi ikaufuata kama mkia, baba wa nyumba ile alibaki na neno moja tu mdomoni: zima. Zima taa, kiza bado hakijaingia. Zima redio, habari zenyewe ni za bei kupanda. Mtaani wakambatiza Bwana Zima, naye akalipokea jina kama cheo.

Mkewe alikuwa fundi wa nguo, na cherehani yake ilikuwa ya umeme. Bwana Zima aliichomoa katikati ya pindo.

"Baba watoto, gauni la mtu hilo! Mkono mmoja nimeshona, wa pili je?"

"Mwenyewe ana mikono miwili, atamalizia."

Fundi akaifufua cherehani kuukuu ya kukanyaga, akaiweka barazani penye mwanga wa Mungu, mwanga usio na mita.

Mvua ikashika. Sare ya kitindamimba wao ikagoma kukauka, na mtoto mwenyewe alikuwa na mafua, amelala chumbani baada ya chakula cha mchana.

"Niipige pasi," mama akasema.

"Pasi? Pasi inakula umeme kama mgeni asiyejua kunawa!" Bwana Zima akalitazama jiko la mkaa lililokuwa limeivisha maharage. "Makaa haya bado yana kazi. Joto la bure hili, tulimwage?"

Akalibeba jiko hadi chumbani, akatundika sare juu ya kamba, akafunga dirisha, akasokomeza tambara chini ya mlango joto lisitoroke. Yeye mwenyewe akaketi humo kulilinda.

"Baba watoto, huo moshi mtoto ataupumua!"

"Moshi gani? Mkaa umekolea. Ungekuwepo ningeuona, mimi sina macho?"

Naam. Bingwa wa macho. Asichokiona yeye hakiui.

Roho ya mama haikutulia, lakini gauni lilikuwa likisubiriwa, akaendelea kukanyaga. Wingu likawa zito, uzi haukuonekana tena. Kwa hasira kidogo akabonyeza swichi, taa ya baraza ikawaka mchana. Akakaza masikio kungoja ile "Zima!"

Kimya.

Akaizima, akaiwasha tena, makusudi, swichi ikalia ta! Kimya. Mwanamume ambaye huisikia swichi hata akiwa chooni, leo hakusema kitu. Hapo ndipo alipoiacha cherehani, akakimbilia chumbani.

Mlango ulikwama kwenye tambara. Akausukuma kwa bega. Mtoto alikuwa amelegea kama nguo iliyoanguka kwenye kamba, baba yake ameegemea kitanda, mdomo wazi. Mama akambeba mwanawe mpaka barazani, huku akimwita jirani yao kinyozi kwa sauti ambayo hata yeye hakujua anayo. Manyunyu yakampiga mtoto usoni. Akatapika. Akalia. Mama hajapata kusikia kilio kitamu vile.

Kinyozi akamburuta Bwana Zima kwa makwapa. Bwana Zima akafumbua jicho moja.

"Mlango... fungeni mlango, joto linatoka."

"Bwana wee, kidogo utoke wewe!" kinyozi akamjibu.

Mama akabana pumzi, akarudi ndani, akalitoa jiko hadi uani na kulimwagia ndoo nzima ya maji.

"Nimezima, baba watoto," akasema. "Leo nimezima mimi."

Zahanati wakavishwa vifuniko vya hewa, baba na mwana. Muuguzi akaeleza kwamba mkaa unaowaka ndani ya chumba kilichofungwa hutoa sumu isiyo na rangi wala harufu. Mtu husinzia vizuri tu, basi, haamki.

Bwana Zima akakigusa kifuniko chake. "Na hii hewa ni ya bure?"

"Ya nje ndiyo ya bure, baba. Hii inaingia kwenye bili."

Kitu pekee kilichokuwa hakilipiwi katika nyumba ile kilikuwa hewa. Akakitafutia bili.

Mwenzangu, bana unga, bana sukari, bana hata mdomo. Dirisha usilibane, na jiko lenye makaa usimlalishe nalo mtoto, hata liwe limefifia namna gani.

Siku hizi taa ya baraza huwaka fundi anapotaka. Bwana Zima hupita chini yake, akaitazama, akameza mate. Kisha huingia chumbani kufungua dirisha.