Kisanduku cha "Amefariki"

...ametoa tiki tena, nimemwona kwa macho yangu, Edith amebofya kile kisanduku cha "Amefariki" kikabaki cheupe, akahifadhi, akafungua upya jina la Fransiska wa kijiji cha Pito, na tiki hiyo imerudi, na Fransiska mwenyewe kakaa hapa mbele yetu kwenye benchi, mzima, matope hadi kwenye vifundo vya miguu, ananitazama mimi... "Kaka Evaristi, fomu yako hii uliyotutengenezea ina wazimu," Edith ananiambia, na mimi moyoni nasema wazimu unao wewe, nani alikutuma uchukue karatasi za Misa ya marehemu unakili kila jina kuwa limefariki, Mkatoliki gani hajui kwamba jina la juu ni la anayeombea na wafu wanafuata chini, mama wa watu kaandika nia ya kumwombea marehemu mume wake, wewe ukamzika naye, na sasa chama cha wakulima hakimpi mbolea maana maiti halimi, na mahindi yake yameshatoa majani manne, mvua haimngoji mtu, na orodha inafungwa leo saa kumi... "Jaribu tena," nasema, utafikiri kujaribu kutasaidia, na najua hakutasaidia, kisanduku kikiwa kitupu fomu haipeleki neno lolote, haisemi hapana, inanyamaza tu, na kanzidata, ile hifadhi ya majina, isipoambiwa kitu inashikilia ya zamani, ulikosekana mstari mmoja kwenye programu, mmoja tu, wa kusema jibu lisipokuja andika hapana, na aliyeusahau ni mimi, siku ya majaribio niliweka tiki kwa watu watano, zikaingia zote, nikafunga kompyuta nikaenda kula, sikujaribu kuondoa hata moja, eti nani atafufuka... "Kwani mwanangu, nifanye nini ili niwe hai?" anauliza, wala hatanii, na mdomo wangu unaniwahi, "Ni mtandao, mama, mtandao unasumbua," mtandao wa watu hauna kosa lolote, nusu saa ingenitosha kurekebisha, lakini nikisema hivyo Edith atajua, mwenyekiti wa chama atajua, na kazi ya mwakani watampa mwingine... na yule mzee wa Mwazye aliyekuja wiki iliyopita na binti yake, naye nilimwambia mtandao, akasema haya, wakaondoka, hawajarudi, hata jina lake sikuandika... siyo Edith, Edith alikosea na anasahihisha mbele za watu, tangu asubuhi anasahihisha, mimi ndiye ninayewarudisha kaburini, na ni kwa woga, woga mtupu, nimejichoka... saa tisa na nusu, bado nusu saa, sema sasa, sema... Edith anabofya, anahifadhi, anafungua, tiki ipo. "Basi nitaungoja huo mtandao," mama anasema, anajifunga kanga vizuri, "asante mwanangu kwa kuhangaika na mimi, Mungu akubariki," na mdomo huu huu ukaitikia amina.