Nani Alizima Kiyoyozi

Fundi Tihomir alipaka povu la sabuni kwenye kondensa ya basi dogo, ule wavu wa kupoza gesi ya kiyoyozi, akafungulia mtungi wa hewa, akasubiri. Povu likaanza kutoa viputo mahali pamoja, pembeni, kimoja kikipasuka na kingine kikivimba. Miodrag, dereva wa basi hilo, aligeuza uso. Aliona kama kitu kinapumua mle ndani.

"Kijiwe," Tihomir alisema. "Kijiwe kimoja cha barabara ya machimbo. Kimetoboa tundu dogo kama dengu, gesi yote imekwenda zake. Ndiyo maana inapuliza joto. Nilimwambia bosi wako tangu Juni, hii ni kazi ya mchana mmoja. Akanicheka. Akasema wazee hawana haja na AC, wanaogopa upepo."

Hilo halikuwa uongo, na ndilo lililomtafuna Miodrag. Huku kusini mwa Serbia mtu mzima haogopi bunduki kama anavyoogopa upepo unaopenya kati ya madirisha mawili. Upepo huo ndio unaopindisha mdomo, ndio unaoharibu figo, ndio unaoua vichanga. Mama Bosiljka naye, mmoja wa wagonjwa wa figo anaowabeba, alikuwa akipanda basi katikati ya Agosti shingo imefungwa kitambaa. Lakini siku ile, wakirudi kutoka hospitali wanakosafishwa damu, kitambaa alikifungua mwenyewe.

"Mio, mwanangu," aliomba, "leo washa hiyo baridi yako, hata ikinipinda mdomo."

Miodrag alikuwa ameshawasha. Kilichotoka ni joto la injini. Madirisha ya nyuma hayakuwa ya kufunguka. Kwenye kona ya kanisa alitazama kioo cha kuangalia nyuma akamwona Mama Bosiljka ameketi wima, macho wazi, na wenzake wakidhani anaangalia mashamba ya pilipili hoho.

Tangu siku hiyo hakukitazama tena kioo kile. Aliendesha kwa vioo vya pembeni. Haikusaidia. Kila alipowasha injini, sauti yake Mama Bosiljka ilitoka kwenye matundu ya dashibodi, ya upole, isiyolaumu. Ingelaumu, angalau angepumua.

Vukan, mwenye kampuni, aliingia gereji na gari lake, akabaki ndani kidogo kwa kuwa ndani kulikuwa na baridi. Kisha akateremka.

"Vipi, fundi?"

"Naweka kondensa mpya, halafu najaza gesi."

"Nataka ipulize barafu. Kesho mkaguzi anakuja kwa ajili ya kile kifo. Mio, hebu njoo." Alimvuta pembeni. "Kesho utasema AC ilikuwa nzima. Wazee wenyewe ndio waliotaka izimwe. Nani asiyewajua wazee wetu?"

"Aliniomba niwashe, bosi."

"Nani?"

"Mama Bosiljka."

"Marehemu hana kauli, Mio." Vukan alimwekea mkono begani kama ndugu. "Funika kombe mwanaharamu apite. Mkeo anaendeleaje?"

"Hivyo hivyo."

"Mara tatu kwa wiki naye husafishwa damu, eti? Kutoka kule juu mlimani. Sasa wakininyang'anya mkataba wa kubeba wagonjwa, mpaka apatikane mwingine ni miezi. Teksi hazipandi huko. Utambeba mgongoni?"

Desanka, mkewe, alikosa safari mbili tu wakati wa theluji akavimba mpaka pete ikakatwa kwa koleo.

Jioni alimweleza yote.

"Sema kama alivyotaka," Desanka alimwambia.

"Siwezi. Namsikia, Desa. Nikiwasha gari namsikia."

"Basi msikilize. Ila mimi bado sijafa, mume wangu. Nataka kuishi."

Kesho yake mkaguzi, kijana mwenye shati lililonyooka, aliingia kwenye basi uani pa hospitali, wagonjwa wakiwa wameshaketi. Aliweka kiganja kwenye tundu la hewa. Baridi ilitoka kali hata akautoa mkono haraka.

"Hii mbona safi kabisa," alisema. "Dereva, siku ya msiba ilikuwa imezimwa?"

"Siku ile..." Miodrag alianza. Ile sauti ilikuja pamoja na ubaridi, karibu sana na sikio.

Vukan alikohoa.

"Siku ile ilikuwaje?" mkaguzi aliuliza.

"Mimi ndiye niliyemwambia azime." Ilikuwa sauti ya Desanka, kutoka kiti cha nyuma. Alikuwa amejifunga kitambaa shingoni, mikono mapajani. "Mama Bosiljka aliitaka, mimi nikakataa. Upepo unaniumiza. Nikapiga kelele mpaka akazima."

Wagonjwa wengine waliinamia magoti yao. Wote walijua ilivyokuwa kweli. Wote walihitaji kurudishwa nyumbani, na kuletwa tena baada ya siku moja.

"Ah, wazee wetu," Vukan akashusha pumzi.

Mkaguzi akacheka, akasema hata bibi yake ni vivyo hivyo, akateremka. Ikawa imekwisha.

Kijijini habari kwamba Desanka ndiye aliyezimisha kiyoyozi ilifika kabla ya basi. Miodrag alitaka kuzunguka nyumba kwa nyumba kueleza ukweli. Desanka akasimama mlangoni, akamzuia.

Siku ya arobaini walikwenda makaburini kama watu wote. Shada la Vukan ndilo lililokuwa kubwa kuliko yote. Nada, binti wa marehemu, alipita na bakuli la ngano iliyochemshwa kwa sukari na kokwa za jozi, na kijiko. Ngano hiyo ya kumwombea marehemu hanyimwi mtu. Hata mlevi anayejipitia njiani huitwa akapewa.

Alianza na Vukan. "Mungu amrehemu," Vukan alisema, akala, akajifuta midomo kwa leso.

Nada akaja mpaka kwa Desanka. Desanka alikuwa ameshanyoosha shingo kidogo, midomo wazi, kama mtoto anayelishwa. Nada akampita.

Watu wakaangalia mishumaa. Miodrag akafungua kinywa aseme. Desanka, midomo sasa imefumbwa, alimtazama na kutikisa kichwa mara moja.

"Wewe kula, Mio," Nada alisema. "Wewe ni mtu wa kuamrishwa tu, huna kosa."

Kijiko kilikuwa kimeshafika kwenye kinywa kilichokuwa wazi. Ngano ilikuwa tamu. Alitafuna, akameza, na Nada akamsogezea kijiko cha pili.