Amplifaya Mbili Nyuma ya Pazia

Kitu cha kwanza nilichokiona ni mkono wa kushoto wa Babu. Haukuwa mfukoni.

Babu yangu, mzee Kuwabara, alikuwa akitengeneza amplifaya za taa, mashine za kukuza sauti ya santuri zenye zile taa za kioo zinazowaka rangi ya chungwa. Ndani ya mashine hizo mna umeme unaoweza kumuua mtu hata baada ya waya kuchomolewa ukutani. Kwa hiyo fundi huingiza mkono mmoja tu. Wa pili huuweka katika mfuko wa nyuma, ili umeme ukimkamata usipite mkono hadi mkono kupitia moyoni. Nilikuwa nashinda naye karakanani tangu nilipoacha shule darasa la nne kwa kuwaogopa wenzangu, na sikuwahi kuuona mkono ule nje ya mfuko wakati taa zinawaka.

Asubuhi hiyo nilimletea chai ya shayiri nikakuta mikono yote miwili imo ndani, na taa zinawaka. Sikupiga kelele. Ningemshtua, na kumshtua ndiko kungemuua. Nilisimama na sinia mpaka akaitoa mikono mwenyewe. Akazitazama taa, kisha akanitazama mimi.

"Nilidhani nimezima," akasema. Akacheka kidogo, akaniomba nisimwambie mama.

Baada ya hapo sikulala vizuri. Nilianza kuamka kabla yake nikachomoe waya, naye akawa analalamika kuwa kuna panya wanaojua umeme humu ndani. Kila aliponyamaza karakanani nilienda kuchungulia mlangoni. Akikohoa, nilishukuru. Mara kadhaa nilitaka kumwambia apumzike, lakini niliishia kumjazia kikombe chai. Watu walikuwa wakisafiri kutoka Osaka hadi kwetu Matsumoto kumsihi awatengenezee moja tu. Mimi ni nani nimwambie aache?

Mtu pekee aliyethubutu kumpinga alikuwa Daktari Nagamine, mganga wa meno mstaafu, rafiki yake wa tangu ujana. Alikuja kila Jumapili kusikiliza santuri na kumchokoza. Daktari alishikilia kwamba amplifaya zote zilizotengenezwa vizuri hutoa sauti ileile, na kwamba wanaosikia tofauti wanasikia bei na mapambo. Babu alimjibu kwamba mtu aliyezeeka akisikiliza mashine ya kutoboa meno hana haki ya kuzungumzia masikio. Walikuwa wakibishana hivyo tangu sijazaliwa.

Jumapili moja Daktari aliingia na amplifaya ndogo ya kiwandani kwapani, ya bati, isiyo na taa hata moja.

"Leo tumalize, mzee mwenzangu," akasema. "Hii na yako, nyuma ya pazia. Wewe uniambie ipi inalia."

"Kwani mwanangu namjua kwa macho tu? Weka."

"Na ukishindwa?"

"Nikishindwa nafunga karakana. Chuma cha kulehemu nakupa wewe, ukazibie watu meno."

Daktari alicheka. Mimi sikucheka, kwa sababu Babu hakuwa mtu wa kusema jambo asilifanye. Papo hapo likanijia tumaini lililoniogopesha kuliko ile asubuhi. Nilitaka ashindwe. Akishindwa, ataishi.

Walitundika shuka zito mbele ya meza. Daktari alipima sauti za mashine zote mbili kwa kipimo chake, akazisawazisha kwa uangalifu, maana hata inayolia kwa nguvu kidogo tu humdanganya mtu akaiona nzuri zaidi. Kisha akaketi kando ya Babu ili yeye pia asijue. Kazi ya nyuma ya pazia ikawa yangu: kurusha sarafu kuchagua mashine, kugeuza swichi, kuandika alama.

Santuri ilikuwa ya selo, ile fidla kubwa ya sauti nzito. Mwanzoni Babu alijibu upesi, kama mtu anayewaita watoto wake ndani. "Yangu. Yake. Yangu." Baadaye akawa anaomba irudiwe. Kupitia upenyo wa shuka niliona vidole vyake vimekamata magoti. Sauti yake ikapungua, mpaka jibu la mwisho Daktari akalazimika kuinama ndipo alisikie.

Daktari alihesabu alama zangu, akahesabu tena. Babu alikuwa amepata nusu tu, kama mtu aliyebahatisha. Sikuona furaha usoni pa Daktari. Alianza kusema kwamba shuka ni zito, kwamba kuna unyevu, kwamba masikio ya umri wao yamechoka, tuseme ulikuwa mchezo. Babu akasimama, akamwinamia kwa heshima ndefu kama anayemuaga mgeni, akaingia karakanani na kufunga mlango.

Nilimkimbilia. Nilifikiri nitamkuta ameshika waya wenye umeme. Alikuwa ameketi tu, kila kitu kimezimwa.

"Shiori," akasema, "wewe masikio yako bado machanga. Ulisikia tofauti?"

Nilijua kwamba neno langu moja la ndiyo lingemrudisha mezani kesho yake. Nikatikisa kichwa kukataa.

"Basi," akasema. "Basi miaka yote hii..."

Daktari alikuja kuchukua vyombo vya kazi bila kumtazama usoni. Sasa Babu analima figili nyuma ya nyumba, na jioni husikiliza ile mashine ya bati aliyoiacha Daktari. Amepungua mwili. Lakini yu hai. Wakati mwingine, selo ikilia, anageuka kunitazama, nami huinuka haraka nikajaze birika, kwa kuogopa ataniuliza tena.

Katikati ya jaribio lile nilisahau nimegeuza swichi upande gani. Nyuma ya shuka kulikuwa na giza; zile taa zilimulika kidogo tu, na swichi haikuonekana. Nikasikiliza. Upinde ulipogusa uzi ilikuwa kama mtu amevuta pumzi karibu na shingo yangu, na nikajua kabla sijaipapasa swichi. Nikaipapasa. Ilikuwa yako, Babu. Nilisikia tofauti.