Abiria Tisa wa Kwa Nyale

Saa nne asubuhi, siku ya Jumanne, Kadii alikuwa ameshakula hamri moja na nusu na kuzungushia mistari mbuzi mia mbili na kumi na sita. Ndiyo kazi aliyopewa katika mafunzo yake, kwenye ofisi iliyo juu ya duka la mabati mjini Malindi. Gari lenye kamera lilikuwa limepita barabara yote ya vumbi hadi Adu, na sasa picha zake zilimngoja kwenye kompyuta. Kila kitu kilitakiwa kipewe jina: mbuzi, mti, nguzo, mtu. Kwa majina hayo ingepatikana ramani, na kwa ramani hiyo basi lisilo na dereva lingejua pa kupita na pa kusimama.

Programu ya kupanga vituo aliiandika Kadii mwenyewe, kwa wiki tatu, na ilikuwa na sharti moja alilopewa na mkubwa wake, Gitau. Penye watu tisa kando ya barabara, weka kituo. Penye wanane, pita.

Kwa Nyale, kijiji alichozaliwa, hapakuonekana hata mmoja. Gari lilipita wakati wa palizi, watu wote wako mashambani. Nyumba thelathini na nne nazo zilikuwa zimefunikwa rangi ya kijani, kwa sababu hati ya ardhi ilisema hapo ni shamba tupu la bwana mmoja ambaye hakuna aliyewahi kumwona. Agizo lilikuwa kwamba ndani ya kijani isichorwe nyumba wala mtu, mpaka mwenyewe aruhusu. Kitokacho kwenye kijani, basi lilifundishwa, ni kivuli, popote kiendapo.

Mchana Kadii alimpigia simu bibi yake, ambaye yeye humwita Hawe kama Wagiriama wengine wanavyowaita bibi zao.

"Shikamoo, Hawe. Macho yaendeleaje?"

"Marahaba. La kushoto limelala, la kulia lasinzia. Kitendawili!"

"Tega."

"Ana macho kumi na mawili, na jirani hamwoni."

Kadii alifikiria nazi, akafikiria nanasi, akashindwa. "Nakupa mji, Hawe."

"Mji gani?"

"Nakupa Malindi."

"Hiyo naitaka kweli. Daktari wa macho kaniita mara mbili, na mara zote mbili miguu imenifia njiani kabla sijafika penye gari. Haya, jibu ni hilo basi lenu la kamera kumi na mbili."

Kadii alirudi kwenye picha. Pembeni mwa barabara, hatua mbili nje ya kijani, walisimama wazee tisa wa Kwa Nyale. Ni vigango, zile mbao za kuchongwa zinazosimamishwa kwa ajili ya wazee wa heshima waliokufa, zenye kichwa cha duara na vitambaa vyekundu na vyeupe shingoni. Wa tatu kutoka kushoto ni Charo, babu yake. Kompyuta ilikuwa imeshampendekezea jina: nguzo. Ilikuwa inangoja tu abonyeze.

Sasa, Kadii alilelewa hivi: ukipita mbele ya wazee wale na ndoo kichwani, unapunguza mwendo na kuwaamkia. Mkono wake ukakataa kumwita babu yake nguzo. Akaandika: mtu. Akaenda kwa wa nne, akaandika mtu. Alipomaliza wote tisa, programu ikaweka kituo.

Gitau alipokagua kazi jioni, aliinama karibu na kioo cha kompyuta. Alikuwa mtu wa Nyeri, mwaka wa pili pwani.

"Hawa ni akina nani?"

"Wazee wa kwetu, Bwana Gitau."

"Wanangoja gari?"

Kadii hakutaka kumdanganya. "Wamesimama hapo tangu kabla sijazaliwa."

"Basi wamengoja sana," alisema Gitau. "Waachie kituo. Lakini unajua, siku ya majaribio, asipopanda mtu, kituo kinafutwa."

Siku ya majaribio Kwa Nyale walivaa vizuri. Hawe alikuja na leso mpya, ameshikwa mkono na Mwaro, jirani yake, mwenye gunia la mihogo begani. Watu thelathini walijipanga barabarani. Basi likaja jeupe, halina mtu mbele, na nyuma yupo Kadii na kompyuta mapajani. Likasimama. Mwaro akapunga mkono. Akapunga gunia. Mlango haukufunguka.

"Labda lataka kuamkiwa," alisema Mwaro.

"Lawaona vivuli tu," alisema Kadii kupitia dirishani. "Likihesabu hadi sitini litaondoka, na kituo kimekwenda."

Lilipofika arobaini, Charo akang'oka ardhini. Akajipangusa udongo, akanyoosha kitambaa shingoni, akapanda. Mlango ulimfungukia mara moja. Wenzake wanane wakamfuata kwa kufuatana umri, kama ilivyo ada, na kila mzee watu watatu wanne wakamshika kitambaa na kuingia naye. Wazee hawakukaa, kwa kuwa hawana magoti. Waliegemea viti.

"Abiria tisa wamepanda," likatangaza basi, likiwa limejaa hadi mlangoni.

"Si mwiko kumhamisha mzee?" Mwaro alimnong'oneza Hawe.

"Mwiko. Lakini akijihamisha mwenyewe, wewe utamuuliza nini?"

Njia nzima waliimba. Kijijini yakabaki mashimo tisa, na kuku wa Mwaro akataga katika moja.

Kituo kikapita jaribio. Kadii aliandikiwa barua ya kazi ya kudumu, na Gitau akamwagizia soda. Wazee wakajiwekea zamu, kila safari mmoja, na baada ya mwezi, wawili kati yao wakawa hawataki tena kutoka sokoni Malindi. Gitau mwenyewe alimwandikia mwenye shamba kuomba nyumba zichorwe. Jibu lilikuja kwa sentensi moja, kwamba katika shamba lile hakuna anayeishi.

Hawe alitolewa mtoto wa jicho siku ya Alhamisi. Wiki iliyofuata alirudi kukaguliwa, kisha akapanda ngazi za ofisini peke yake, huku akisoma kwa sauti kila bango lililo ukutani. Akavuta kiti mbele ya kompyuta.

"Nionyeshe kwetu."

Kadii akamfungulia. Hawe alitazama kijani kile kwa jicho lake jipya, taratibu, kona hadi kona.

"Nyumba yangu i wapi?"

"Haipo, Hawe."

"Na ya Mwaro?"

"Haipo."

"Na babu yako?"

Kadii akagusa kitone cha manjano, alama ya mtu, karibu na soko. "Huyu hapa. Yuko kwa wauza samaki."

Hawe akacheka mpaka akashika meza. "Miaka thelathini na moja ya ndoa, leo ndiyo najua aliko." Akafunga leso vizuri, akaomba kuonyeshwa njia fupi ya kufika sokoni. Basi la kurudi lilikuwa la saa kumi, na asipompata mumewe, mlango usingemfungukia.